Shabu haikuondoa rangi: maji ya karakana tuyafanyeje?

SWALI: Injinia, sisi ni kikundi cha wamama wa Kadutu, Bukavu. Tunatia rangi vitambaa vya pamba, na maji tunayamwaga mtaroni, yanashuka mto Kawa hadi ziwani. Tulisikia viwanda vinayasafisha na kuyatumia tena. Tukatia shabu ndani ya pipa, lakini maji yakabaki mekundu vilevile. Tulikosea wapi?

JIBU: Mama, shabu yenu si mbaya. Nadhani mnatumia zile rangi za pamba zinazoshikishwa kwa chumvi na magadi. Magadi huacha maji na pH (kipimo cha ukali wa asidi au magadi; 7 ni katikati) ya 10 au 11, na shabu hugandisha uchafu vizuri pH ikiwa kati ya 6 na 7.5. Tena rangi hizo huyeyuka kabisa, hazielei kama vumbi, kwa hiyo ni ngumu kuzituliza chini. Mara nyingi asilimia 60 hadi 80 tu ndiyo hushika kwenye nyuzi. Iliyobaki ndiyo mnayoiona ikienda Kawa.

Kwa hiyo, kabla ya kusafisha chochote, tenganisheni maji. Yale ya kutilia rangi na ya suuza ya kwanza ni machache, lakini yanabeba karibu chumvi na rangi yote: yapeni pipa lake. Suuza za mwisho ni nyingi na karibu safi. Kuyachanganya na yale makali ni kuharibu maji mazuri.

Pangeni beseni tatu. Kitambaa kinatoka la kwanza kwenda la tatu, maji yanarudi kinyume: maji mapya yanaingia la tatu tu, na zamu inayofuata yanahamia la pili, kisha la kwanza. Badala ya kujaza beseni tatu kila zamu, mnajaza moja. Anzeni na rangi nyepesi, mmalize na nyeusi. Ila maji ya moto ya sabuni yawe safi kila mara, kwa sababu chumvi huing'ang'aniza rangi isiyoshika, na kitambaa kitachuja nyumbani kwa mteja.

Kwa pipa la maji makali, pimeni kwanza. Yeyusheni gramu 10 za shabu katika lita 1 ya maji safi. Chukueni chupa nne zenye lita 1 ya maji machafu, mshushe pH hadi 7 kwa siki, mtie maji ya shabu mililita 10, 20, 40 na 60, kila chupa kipimo chake. Korogeni, acheni nusu saa, mchague chupa iliyo angavu zaidi. Rangi itakayobaki ipitisheni kwenye makala amilifu, yaani makala yaliyotengenezwa maalumu kunasa uchafu. Makala ya jikoni hushika kidogo sana.

Nawasihi, msitie Javel, ile dawa ya klorini ya kung'arisha nguo. Rangi hupotea machoni, lakini klorini ikikutana na rangi huzaa sumu nyingine, na watu wanakunywa na kuvua katika ziwa hilo.

Chumvi haitoki kwa njia hizi. Huko Tirupur, India, mahakama ilifunga karakana za rangi mwaka 2011 hadi zisimwage tone nje; viwanda vikalazimika kuweka tando za kuchuja chumvi na mitambo ya kuvukiza maji, gharama ambayo kikundi hakiwezi peke yake. Kwenu, njia ni kupunguza chumvi tangu mwanzo: tumieni maji machache kwa kila kilo ya kitambaa, maana chumvi hutiwa kwa kadiri ya maji. Maji ya pipa yenye chumvi msimwagilie mboga, na tope la pipa likaushwe chini ya paa, mbali na mtaro, kisha lifungwe kwenye mfuko.