Kabla Shimo Halijafunguliwa, Ulizeni Daftari Litabaki Wapi

Nilikuwa mgeni katika kazi ya akiolojia nilipotumwa kupanga ghala la vigae, yaani vipande vya vyombo vya kale vilivyochimbuliwa. Nikavuta mfuko wa nailoni uliokwisha kukauka, ukachanika mikononi mwangu, vitu vikamwagika mezani: kipande cha bakuli la Kichina la kijani, vigae vya vyungu vyetu wenyewe vyenye nakshi za mistari, na shanga sita nyekundu. Kikaratasi cha ndani kilikuwa kimebaki na herufi moja na tarakimu mbili. Wino uliobaki ulikuwa umefifia wote.

Waliochimba walikuwa wageni wema, tulikula nao na kulala nao kambini. Lakini daftari lililoeleza ile herufi ni ya shimo gani na tabaka gani la udongo lilikuwa kabatini, katika chuo kimoja Ulaya. Niliandika barua pepe tatu. Nikajibiwa kwamba aliyeongoza mradi amestaafu.

Ndugu yangu unayeingia kwenye mradi wako wa kwanza na chuo cha nje, naomba unielewe hapa. Shimo huchimbwa mara moja. Udongo ukishatolewa haurudi ulivyokuwa, na tangu siku hiyo lile eneo linaishi ndani ya daftari, picha na ramani. Asiye na daftari amebaki na kokoto nzuri.

Vitu vyenyewe tumejifunza kuvilinda. Fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, lililopatikana Oldupai mwaka 1959 lilikaa Nairobi, likarudi Tanzania mwaka 1965. Leo tuna Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na hakuna anayechimba bila kibali. Kumbukumbu za kazi ndizo zinazoondoka kimya kimya ndani ya kompyuta mpakato, na cha kuzirudisha ni mkataba wenu tu. Basi andikeni humo kwamba nakala ya kila ukurasa, kila picha na kila kipimo itakabidhiwa kabla timu haijapanda ndege. Taja ofisi itakayopokea, usitaje jina la mtu, maana watu huhamishwa. Na muhtasari uwe wa Kiswahili. Mwanaakiolojia Neville Chittick alichimba Kilwa Kisiwani, mji wa kale wa pwani ya kusini mwa Tanzania, miaka ya 1960. Ripoti ikatoka mwaka 1974, majuzuu mawili ya Kiingereza. Ni kazi kubwa, naiheshimu. Ila waliobeba makarai ya udongo ule wangeisoma vipi?

Upande wa kuhifadhi majengo nina ushauri mwingine: fuata chokaa. Magofu ya Kilwa Kisiwani na ya kisiwa jirani cha Songo Mnara yaliingia orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981, yakawekwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini mwaka 2004, yakatolewa mwaka 2014. Fedha za nje zilisaidia, lakini fedha haipigi lipu. Kuta zile ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Ukiziba ufa kwa saruji unafungia unyevu ndani, chumvi inatafuta njia ya kutokea, na jiwe linaanza kumeng'enyuka pembeni ya kiraka chako. Nimesimama karibu na fundi mmoja mzee akichota chokaa iliyomwagiwa maji na kuachwa iive, aliisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, akatikisa kichwa, "Bado, mwanangu." Ujuzi huo hauji na kontena. Dai mkataba utaje idadi ya vijana watakaofunzwa na ujira wao wa siku, tena ujira wa fundi, si wa kibarua.

Kuhusu makaburi, nenda polepole kuliko mgeni anavyotaka. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa katika miji ya pwani na bara, wengi wao kati ya 1250 na 1800. Umetufundisha mengi kuhusu wahenga wetu wa Kiafrika na wa Kiajemi. Mimi niliusoma kwenye simu. Wazee wa mahali wanatakiwa wawe wa kwanza kuulizwa, na wa kwanza kuambiwa majibu.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Naamini hivyo, na bila wenzetu wa nje mengi ya pwani hii yasingejulikana. Ndiyo maana msimu uliopita nilikataa kutia saini hadi kipengele cha daftari kilipoingia. Nakala zilipofika, nilimwita mzee mmoja wa kisiwani ambaye alikuwa akiniuliza kila mwaka, "Hao wanaandika nini huko?" Nikamfungulia ukurasa wenye mchoro wa nyumba iliyo karibu na kisima. Aliutazama muda mrefu, akaweka kidole.

"Hapa mmekosea. Mlango ulikuwa huku, upande wa kusini. Babu yangu alituonyesha kizingiti chake kabla hakijaporomoka."

Nikachukua penseli, nikaandika pembeni maneno yake na tarehe, kisha nikaupiga picha ule ukurasa na kuwatumia wenzetu.