Kabla ya kununua betri ya akiba, piga hesabu ya usiku wako

Mvua za Novemba zikianza huku Mbeya, maswali ya betri huwa mengi. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuingiza umeme kwenye gridi Februari 2024, na ule mgao wa kupangiana zamu umepungua. Lakini mti ukiangukia nyaya kwenye mteremko, au radi ikipiga transfoma ya mtaa wenu, megawati za Rufiji hazikufikii. Watu wanazidi kutafuta betri, maduka yamejaa, na wengi wananunua kwa kuangalia ukubwa wa boksi.

Anza na karatasi. Andika vitu ambavyo umeme ukikatika saa moja jioni ni lazima viendelee mpaka mlale. Wati za kila kitu zidisha kwa saa utakazokitumia, upate wati-saa. Taa nne za LED za wati 9 kwa saa tano ni 180. Televisheni ndogo ya wati 40 kwa saa tatu ni 120. Ruta ya intaneti ya wati 10 kwa saa tano ni 50. Simu mbili, weka 30. Jumla ni 380. Inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, nayo inakula chake, asilimia 10 hadi 15, kwa hiyo betri inayoweza kutoa wati-saa 500 inakutosha usiku huo.

Orodha ya jirani haiwezi kuwa yako. Mama mmoja fundi cherehani wa Mwanjelwa aliniambia, "Mwanangu, hiyo televisheni izime tu. Mimi wiki ya sare za shule cherehani isisimame." Mota ya cherehani yake ni wati 100, saa nne za kushona ni wati-saa 400. Hesabu yake iliishia hapo, akajua cha kununua.

Kuhusu friji nina msimamo wangu: kwa nyumba nyingi za huku, iache nje ya orodha. Friji isiyofunguliwa hushika ubaridi kama saa nne, na usiku wa Juni wa Mbeya, Njombe au Makete maziwa hayaharibiki haraka. Ukiiweka, utalazimika kununua betri kubwa zaidi na inveta yenye nguvu, maana kompresa, mota ya friji, inapowaka huvuta mara kadhaa ya wati zilizoandikwa. Anayehifadhi insulini au anayeuza nyama, huyo ana sababu, na agharamie bila kusita. Pasi, jagi la umeme na hita sahau kabisa. Hita ya wati 1,500 inamaliza betri ya wati-saa 500 kabla dakika ishirini hazijatimia.

Sasa aina yenyewe. Betri ya gari, zile N70 ambazo mafundi wengi watakupa kwanza, imetengenezwa kuwasha injini kwa sekunde chache. Ukiitumia kuwasha taa usiku kucha mara kwa mara inakufa mapema. Betri ya maji ya sola ni afadhali, ila usiishushe chini ya nusu. Maana yake ya volti 12 na ampea-saa 100, ambayo kwa karatasi ni wati-saa 1,200, inakupa kama 600 tu. Pia inapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni inayoweza kulipuka, kwa hiyo isikae chumba cha kulala. Mimi nachagua lithiamu ya chuma na fosfeti. Bei yake ya kuanzia inauma, lakini unaweza kutumia zaidi ya asilimia 80 ya ujazo wake, na inachajiwa maelfu ya mara wakati ya maji inahesabiwa kwa mamia. Ni nyepesi pia: ya ampea-saa 100 ina kilo 10 hadi 13 hivi, ilhali ya maji ya ujazo huo inafika 25 au zaidi. Unaotaka kupanda nao gari kwenda kambini ni uzito huo mdogo.

Kambini ndipo nyanda zetu zinapodai uangalifu wake. Kitulo, karibu mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, hupata jalidi kati ya Juni na Agosti. Lithiamu ikichajiwa chini ya nyuzi sifuri huharibika ndani na haiponi, ingawa kutoa umeme katika baridi hiyo inaweza. Lala nayo ndani ya hema, ifunike blanketi, na asubuhi subiri jua liipashe kabla ya kuunganisha paneli ya sola. Ruaha na Matema tatizo ni kinyume: usiiache ndani ya gari lililofungwa juani. Paneli ya wati 100 kwa kawaida haitoi zote 100, na Rungwe kukiwa na mawingu hutoa kidogo sana. Tegemea tundu la volti 12 la gari, ambalo kwa safari ya Mbeya hadi Iringa linaweza kujaza sehemu kubwa ya kisanduku cha wati-saa 500, yaani betri ya kubeba yenye inveta ndani yake.

Na tafadhali, baridi isikushawishi kuingiza jiko la mkaa ndani ya hema. Kaboni monoksaidi haina harufu na inaua watu usingizini. Chupa ya maji ya moto na blanketi la ziada vinatosha.

Ukishanunua, ijaribu siku hiyohiyo ukiwa bado na risiti mkononi. Ijaze, unganisha kitu chenye wati unazozijua, mathalani televisheni ya wati 100, kisha angalia saa. Kisanduku cha wati-saa 500 kikizima kabla ya kutimiza muda wa saa nne, kirudishe dukani.