Muulize Kocha: BB ya Marekani na bwawa la hoteli

*Assalaam alaykum Kocha. Dada yangu anaishi Marekani, na mwanawe ana miaka 11, sawa na wangu. Kila wiki naletewa picha: mara kapata B, mara kapata BB. Ati hamsini ya mtindo huru kaogelea kwa sekunde 33. Wangu anaogelea Jumamosi kwenye bwawa la hoteli. Nimempima kwa simu, kwenda na kurudi, sekunde 38. Yeye yuko ngazi gani?*
– Mama wa watoto watatu, Kikwajuni

Waalaykumu salaam dada yangu. Chama cha kuogelea cha Marekani kina ngazi sita za vijana: B, BB, A, AA, AAA na AAAA. B ndiyo ya chini. Kwa hiyo BB ni ya pili kutoka chini, lakini usimwambie dada yako kuwa nimesema mimi. Kila ngazi ina muda wake, na muda huo hubadilika kwa mvulana au msichana, kwa umri, kwa mtindo, kwa masafa na kwa urefu wa bwawa.

Hapo kwenye urefu ndipo mlipopotezana. Mabwawa mengi ya mashindano ya vijana kule yana yadi 25, siyo mita. Hamsini ya yadi ni mita 45.72. Zimebaki mita nne na ushei ambazo mtoto wa dada yako hajaziogelea, na kwa mwendo wake zingemla sekunde tatu nzima. Tuseme basi ana sekunde 36 kwa mita 50.

Sasa tuje kwako. Hilo bwawa umelipima? Mwaka mmoja nilikuwa na vijana wanane kwenye hoteli moja ya pwani, na meneja akaniapia kuwa bwawa lake lina mita 25. Vijana wangu wakaanza kuvunja rekodi kila wiki. Nilifurahi mwezi mzima, mpaka nikaazima futikamba ya fundi seremala. Mita 22! Nilirudi nyumbani na daftari langu la muda, nikachana kurasa zote. Kama lako nalo ni la namna hiyo, mwanao kaogelea mita 44, na zile 38 zinasogea kwenye 43 kwa mita 50.

Kidole chako kwenye simu nacho kina nusu sekunde yake, mbele au nyuma. Halafu, alijitupa kutoka ukingoni au alianzia ndani ya maji? Kule herufi haitolewi kwa muda wa mazoezi. Lazima yawe mashindano yanayotambuliwa na chama, yenye wapima muda.

Kwa hiyo ngazi sikupi. Nitakwambia ninachokitazama mimi kwa mtoto wa mjini aliyejifunzia baharini, pale Forodhani. Hao hawaogopi maji hata kidogo, wanajirusha bahari ikijaa. Lakini huogelea kichwa juu kama kasa anayetafuta pumzi, kwa sababu baharini lazima uone mashua inatokea wapi. Kichwa kikiwa juu miguu inazama, na mwili unakokota maji. Na baharini hakuna ukuta. Mtoto akifika mwisho wa bwawa anashika, anajifuta uso, anamtafuta mama, ndipo anageuka. Mtazame Jumamosi, uhesabu moja, mbili, tatu. Mtoto aliyefundishwa anagusa, anakunja magoti, anausukuma ukuta kwa miguu miwili na kuteleza chini ya maji mikono imenyooka. Sekunde mbili ziko hapo, na hazihitaji nguvu.

Jambo jingine: kundi la mtoto wa dada yako ni la miaka 11 na 12. Akitimiza 13 anaingia kundi la 13 na 14, na muda unakazwa. Wako watoto wanaolala wakiwa AA na kuamka siku ya kuzaliwa wakiwa A, bila kuogelea hata mita moja. Picha zikikatika ghafla, usiulize.

*Kocha, Olimpiki wanaingia kwa muda gani?*
– Msomaji, Chake Chake

Kwa Paris 2024, mita 50 mtindo huru, wanaume walitakiwa 21.96 na wanawake 24.70. Nchi ambayo haina aliyefikia hupewa nafasi ya mwaliko, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja. Waogeleaji wetu wa Tanzania, Collins Saliboko na Sophia Latiff, waliingia kwa mlango huo.

Na wewe mama wa Kikwajuni, ukenda kupima bwawa, nenda asubuhi kabla wageni hawajatandaza mataulo. Futi ipite ndani, ukuta kwa ukuta. Mimi mara ya kwanza nilipima na ukingo.