Kuchemsha maji ya kisima hakuondoi nitrati (jibu kwa mama wa mtoto wa miezi miwili)

Dada, umeuliza kama maji ya kisima chenu, maangavu na yasiyo na harufu, yanafaa kukorogea maziwa ya kopo ya mtoto wa miezi miwili maadamu unayachemsha vizuri. Nakuomba usimpe mtoto maji hayo mpaka yapimwe nitrati, ile chumvi isiyoonekana inayotoka kwenye mbolea, samadi na vyoo na kuyeyuka majini. Na ukiona midomo au kucha zake zinageuka buluu au kijivu, mkimbize hospitali saa hiyohiyo, na umwambie daktari kwamba maziwa yake yanakorogwa kwa maji ya kisima.

Nasema hivi kwa sababu yalitukuta. Mke wangu aliugua baada ya kujifungua, maziwa yakakata, tukamwanzishia mtoto maziwa ya kopo. Kisima chetu ni kifupi, mita saba hivi, na maji yake tulikuwa tukiyasifia kwa wageni. Tuliyachemsha kwa bidii kweli, kila siku, sufuria inatokota muda mrefu tukiamini ndivyo usalama unavyozidi. Wiki ya tatu nikaona ngozi kuzunguka mdomo wa mtoto imekuwa kama imepakwa wino uliofifia. Hakuwa na homa wala kikohozi. Hospitali wakampa oksijeni, rangi isibadilike. Muuguzi alipotoa damu, ilikuwa ya kahawia iliyokolea, kama chokoleti. Daktari aliiangalia, akauliza swali moja tu: "Mnatumia maji gani?"

Alitufafanulia hivi. Tumbo la mtoto mchanga halina asidi ya kutosha, kwa hiyo bakteria humo huigeuza nitrati kuwa nitriti. Nitriti ikiingia kwenye damu huiharibu himoglobini, ile sehemu nyekundu ya damu inayobeba oksijeni, isiweze kuibeba. Mtu mzima ana kimeng'enya, yaani kichocheo cha mwili, cha kurekebisha hali hiyo. Cha mtoto wa miezi michache bado ni kidogo. Ndiyo maana sisi wazazi tulikunywa maji yaleyale tukabaki wazima. Si jambo jipya: mwaka 1945 daktari Hunter Comly wa Iowa, Marekani, aliandika kuhusu watoto wachanga waliogeuka buluu kwa maji ya visima. Mwanangu alichomwa dawa ya methilini bluu kwenye mshipa, rangi ikarudi. Leo ni mzima, namshukuru Mungu.

Kilichoniuma zaidi ni ile sufuria. Kuchemsha huua vijidudu, lakini nitrati haiendi na mvuke, inabaki. Ukichemsha lita mbili zikabaki moja, nitrati yote iliyokuwa kwenye lita mbili sasa iko kwenye moja. Klorini nayo haiiondoi, wala chujio la kawaida la mkaa.

Tulipopeleka maji maabara, karatasi ikarudi na namba 22. Nilikuwa nimeshasoma kwamba kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita, nikashusha pumzi. Mtaalamu akaweka kidole pembeni ya namba, palipoandikwa kwa herufi ndogo "kama nitrojeni". Ile 50 inahesabu nitrati nzima; ukihesabu nitrojeni iliyomo ndani yake peke yake, kiwango hichohicho ni kama 11. Ili kuigeuza 22 yetu kuwa nitrati nzima, unaizidisha kwa 4.43, unapata takribani 97. Karibu mara mbili ya kiwango, na mimi nilikuwa tayari kurudi nyumbani nimeridhika! Kwa hiyo ukipewa majibu, uliza kwanza namba imeandikwa kwa kipimo gani.

Chanzo hakikuwa mbali. Upande wa mlimani wa kisima kuna zizi, na shamba ambalo nilikuwa namwaga mbolea yote kwa mkupuo mmoja kabla ya mvua. Mmea huchukua kiasi unachoweza. Udongo nao haushiki nitrati, kwa hiyo mvua inapozama ardhini inaibeba mpaka majini. Mashimo ya vyoo yaliyo karibu hufanya vilevile. Siku hizi nagawa mbolea mara tatu na samadi nimeihamishia upande wa chini, lakini maji ya chini ya ardhi hayasafiki kwa msimu mmoja. Nimepima mara nne tangu wakati huo, na baada ya mvua namba hupanda tena.

Ukiweza kunyonyesha, hata kidogo, endelea, maana nitrati haijikusanyi kwenye maziwa ya mama kama ilivyo kwenye maji. Ya kukorogea, tafuta maji ya chanzo kingine kilichopimwa. Kuna mitambo inayosukuma maji kupita kwenye utando mwembamba sana, hiyo hupunguza nitrati kweli, ila lazima maji yanayotoka nayo yapimwe. Kuoga na kufua kwa maji ya kisima hakuna shida.

Majibu yakitoka andika hapa namba na maneno yaliyo pembeni yake, tuyasome pamoja.