Kabla hamjamwajiri, mwoneni akifundisha

Wiki iliyopita mdogo wangu mmoja, niliyesoma naye Dar es Salaam na ambaye sasa anafundisha katika chuo kidogo huku Marekani, alinipigia simu. "Shikamoo dada. Tuna nafasi moja ya profesa wa uhandisi wa kemikali, na maombi yamejaa meza nzima. Nianzie wapi?" Nimekaa kwenye kamati za namna hiyo mara nne, na niliyomwambia niliyajua baada ya kukosea.

Mara ya kwanza tulimwajiri mtu mwenye machapisho mengi kuliko idara nzima ikijumlishwa. Siku ya usaili alitoa mhadhara kuhusu utafiti wake, tukapiga makofi. Hakuna aliyemwona akifundisha. Sisi ni walimu watano, hatuna wanafunzi wa uzamivu, kila mmoja anabeba kozi tatu kwa muhula, na pampu ya maabara ikivuja ni mmoja wetu anayeshika spana. Yeye alikuja akitafuta wasaidizi wa utafiti ambao hatukuwa nao. Baada ya miaka miwili aliondoka. Simlaumu hata kidogo. Tangazo letu tulilinakili kutoka chuo kikubwa, na halikumweleza maisha yetu yalivyo.

Basi tangazo liseme kweli: kozi ngapi, maabara anaiandaa nani, fedha za kuanzia utafiti zipo au hazipo. Watakaoogopa watajiondoa wenyewe. Kwenye barua za maombi, mimi hutafuta aliyesoma orodha ya kozi zetu akasema ipi angeifundisha na kwa namna gani. Tena msikae ofisini mkisubiri barua. Kwenye mkutano wa mwaka wa AIChE, chama cha wahandisi wa kemikali wa Marekani, kuna kikao ambapo wanaotafuta kazi ya ualimu wa vyuo vikuu husimama mbele ya mabango yanayoeleza utafiti wao. Nendeni, mwombeni mtu akuelezeeni bango lake kama vile ninyi ni wanafunzi wa mwaka wa pili. Dakika tano zinatosha kujua.

Ila kazi yenyewe iko kwenye somo la majaribio. Sisi huwapa wote waliofika hatua ya mwisho mada moja ambayo hawakuichagua: kwa nini tangi kubwa la mmenyuko, yaani tangi ambamo kemikali huchanganywa zikabadilika na kutoa joto, hupoa kwa shida kuliko dogo. Ukiongeza vipimo vyote vya tangi mara mbili, ujazo wake unakua mara 8, lakini eneo la kuta linalotoa joto linakua mara 4 tu. Ni hesabu ya mistari miwili, na watu wamekufa kwa kutoipa uzito. Tarehe 19 Desemba 2007, kiwanda cha T2 Laboratories huko Jacksonville, Florida, kililipuka baada ya mfumo wa kupoza tangi kushindwa, wala hapakuwa na wa akiba. Watu 4 walifariki, 32 wakajeruhiwa. Kati ya wamiliki wawili, mmoja alisomea kemia na mwingine uhandisi huu huu wa kemikali. Wachunguzi wa serikali walipendekeza hatari za mimenyuko ziingizwe kwenye mitaala ya vyuo. Kwa hiyo ninapokaa nyuma ya darasa kumsikiliza mwombaji, sitafuti ufasaha. Nataka kujua kama mwanafunzi atatoka mle akiliogopa lile tangi inavyostahili.

Mwombaji mmoja alianza kwa kuuliza: kikombe cha supu na sufuria la supu, kipi kinapoa kwanza, na kwa nini? Kijana mmoja akajibu kwamba sufuria lina supu nyingi, basi lilikuwa na moto zaidi tangu mwanzo. Mwalimu hakumkatiza wala hakumsahihisha. Alimpa chaki apige hesabu ya kuta, akanyamaza. Ukimya ulikuwa mrefu hadi mwenzangu akaanza kujikunakuna. Kijana akaliona kosa mwenyewe. Baadaye tulipowauliza wanafunzi maoni yao, yule kijana alisema neno moja tu: "Alinisubiri." Tulimwajiri, na huu ni mwaka wake wa sita.

Jambo la mwisho, na hili linawahusu ndugu zetu wanaoomba kazi hizi wakitokea nyumbani. Sheria ya Marekani ina njia maalumu kwa walimu wa vyuo: chuo kinaweza kumwombea mgeni kibali cha kazi ya kudumu kwa kuonyesha kwamba aliwazidi waombaji wengine sifa. Lakini ombi lipelekwe ndani ya miezi 18 tangu alipochaguliwa, na tangazo liwe limetoka kwenye jarida la kitaaluma la kitaifa. Kamati isiyotunza kumbukumbu za usaili inaweza kulazimika kutangaza nafasi upya, huku mwalimu wa watu hajui kama abaki au afungashe. Mzungumze na mwanasheria wa chuo kabla tangazo halijatoka.