Dawa ifike kifuani, isiishie mdomoni

Barua za juma hili karibu zote zimetoka kwa wazazi wa hapa Goma wenye watoto njiti, yaani waliozaliwa kabla ya wiki 37. Nimezijibu zile zinazogusa pampu za kuvutia dawa kifuani, maana hapo ndipo naona dawa nyingi zikipotea bure.

«Mwanangu alizaliwa kwa wiki 29, sasa ana miezi 14. Kila akishikwa na mafua kifua kinalia filimbi. Daktari ametupa pampu ya salbutamol, lakini mama mkwe anasema mtoto akiizoea hatapumua tena bila hiyo.» (Mama, Ndosho)

Mwambie mama mkwe, kwa heshima, kwamba mapafu hayaizoei kwa namna hiyo. Salbutamol hulegeza misuli iliyobana njia za hewa. Huanza kazi ndani ya dakika chache na baada ya saa nne hadi sita imekwisha. Mtoto huihitaji tena kwa sababu alizaliwa vifuko vyake vya hewa havijakomaa na njia zake ni nyembamba, hivyo mafua kidogo tu huziziba.

Lakini kuna jambo wazazi wengi hawaambiwi: salbutamol haimsaidii kila mtoto njiti. Wengine kifua hufunguka palepale, wengine hakibadiliki kabisa. Kama umempa jinsi ulivyoelekezwa na filimbi imebaki ileile, usiongeze mipulizo kwa kubahatisha. Mrudishe kwa daktari.

«Kile chombo cha plastiki cha kuunganisha na pampu hatukukipata dukani. Tunampulizia mtoto moja kwa moja mdomoni. Ana miaka miwili.» (Baba, Majengo)

Haitoshi, baba. Mtoto wa miaka miwili hawezi kuvuta pumzi wakati uleule unapobonyeza. Mwezi uliopita mama mmoja alinionyesha anavyofanya: mtoto kabanwa mapajani, analia, na dawa ikatoka kama moshi mweupe kando ya shavu. Iliyobaki iligonga ulimi, akaimeza. Na mama huyo alikuwa ameuza kuku ili anunue pampu ile.

Tafuta chupa ya maji ya plastiki ya mililita 500. Mwaka 1999 watafiti wa Cape Town waliijaribu kwa watoto wenye pumu, tundu likiwa limezibwa vizuri, ikafanya kazi sawa na chombo cha kiwandani. Ioshe kwa sabuni na uiache ikauke yenyewe. Ukiifuta kwa kitambaa, plastiki hupata umeme unaonasa dawa. Toboa kitakoni tundu lenye umbo la mdomo wa pampu, uuingize ukaze, uzibe pembeni kwa gundi hewa isipite. Gundi ikauke kabisa kwanza. Kwa mtoto wako, barakoa ndogo ikae kwenye shingo ya chupa, ifunike pua na mdomo bila kuacha mwanya. Tikisa pampu, bonyeza mara moja tu, mwache apumue mara tano au sita. Mpulizo wa pili ungoje nusu dakika, utikise tena. Akilia, mbembeleze kwanza. Kisha mpelekee muuguzi chupa yako aikague.

«Jirani anasema salbutamol ya maji ya kunywa ni ileile, tena rahisi.» (Dada, Katindo)

Jina ni lile, njia ni nyingine. Ya kunywa hupitia tumboni na kwenye damu, huchelewa, na humletea mtoto kutetemeka na moyo kwenda mbio. Baki na pampu.

«Binti yangu ana miaka 9, alizaliwa kwa wiki 31. Akikimbia anaishiwa pumzi mapema. Daktari anataka avute steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe wa njia za hewa, kila siku. Naogopa.» (Mama, Himbi)

Hofu yako ina msingi, mama, kwa hiyo anza kwa kuuliza kama amepimwa nguvu ya pumzi kwa kupuliza kwenye mashine. Kwa watoto wa miaka 7 hadi 12 waliozaliwa mapema na ambao kipimo hicho kilikuwa chini, utafiti wa Cardiff, huko Wales, uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kuwa steroidi ya kuvuta pamoja na dawa ya kupanua njia za hewa kwa muda mrefu, kwa wiki 12, iliongeza pumzi kuliko dawa bandia; steroidi peke yake haikuonyesha faida ya uhakika. Asukutue mdomo kila baada ya kuvuta, asipate utando mweupe, na apimwe urefu, kwa kuwa dawa hii inaweza kupunguza kidogo kasi ya kukua.

«Pampu tunampa, kikohozi hakiishi. Mvua ikinyesha tunapikia ndani.» (Mama, Birere)

Watu wa Goma tunaijua mazuku, hewa isiyoonekana inayoua mabondeni. Makala, yaani makaa ya kupikia, nayo hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu, juu ya moshi wake. Mbabula, jiko la makala, ikae barazani, na anayepika asiwe amembeba mtoto mgongoni.

Usiku akizidiwa, mhesabie pumzi dakika nzima akiwa ametulia. Zikifika 50 kwa aliye chini ya mwaka, au 40 kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, au mbavu zikizama, au midomo ikigeuka bluu, usingoje kuche. Mpeleke hospitali, na chupa na pampu uwe nazo mkononi.