Re: Kwa nini shahidi mmoja alishinda utetezi wa mshtakiwa?

Ndugu, umeuliza mahakama iliwezaje kumwamini shahidi mmoja, ilhali mke na kaka wa mshtakiwa waliapa kwamba alikuwa nyumbani.

Tatizo ni kwamba kusema "sikuwepo" ni rahisi kutunga, na ndugu wana sababu ya kumlinda mtu wao. Kama nyumba iko dakika kumi tu kutoka eneo la tukio, utetezi huo hauondoi uwezekano kwamba alifika huko akarudi. Risiti, kamera au mtu baki angeupa nguvu zaidi. Shahidi naye, kama alimfahamu mshtakiwa tangu zamani, akamwona kwa karibu na mwanga ukiwepo, huaminika.

Lakini mzigo wa kuthibitisha haumhamii mshtakiwa, hata akidanganya! Nasisitiza hili kwa sababu macho hukosea. Adolf Beck alifungwa London mwaka 1896 baada ya wanawake kadhaa kumtambua kuwa ndiye tapeli wao. Mwaka 1904 akatiwa hatiani tena, ndipo tapeli halisi akakamatwa. Mashahidi wale hawakuwa waongo, walikuwa na uhakika kabisa.

Kwenye rufaa, wakili wenu auchimbe kwanza utambuzi wenyewe: mwanga, umbali, muda, na kama shahidi alimtaja mtuhumiwa mapema polisi.